Kusoma Dini za Dunia Katika Chuo Kikuu: Maana Yake, Njia Zake na Faida Yake

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tunajaza fomu za kuchagua masomo ya Kidato cha Tano. Wenzangu wengi wamekwisha jua watakalo. Huyu anataka uganga, yule uhandisi, na mwingine sheria. Mimi nilipoulizwa, nilijibu kwamba nikijaliwa nitapenda kusoma dini za dunia katika chuo kikuu. Wengine walicheka. Mmoja aliniuliza kama nataka kuwa padre. Mwingine aliniuliza kama nimeichoka dini yangu. Nyumbani nako mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, angalia usije ukapotea."

Kwa kuwa maswali ya namna hii huulizwa na wanafunzi na wazazi pia, nimeona yafaa niyajibu katika gazeti letu. Nitaeleza somo hili ni nini, njia zake ni zipi, watu gani wa nchi zetu wamelifanyia kazi, na faida yake ni ipi. Lakini kwanza nitaeleza ugomvi mmoja, maana ndio ulionifanya nilifikiri jambo hili.

UGOMVI WA BWENINI

Usiku mmoja wa muhula uliopita, baada ya taa kuzimwa, wavulana wawili wa bweni letu walibishana. Mmoja ni Mkristo na mwingine ni Mwislamu, nao ni marafiki, hata huazimana madaftari na sabuni. Yule Mkristo alisema kwamba Waislamu wakienda Makka huabudu jiwe. Yule Mwislamu akajibu kwamba Wakristo huabudu miungu watatu. Maneno yakapanda, mmoja akaruka kutoka kitandani, na kama kiranja hangeingia wangalipigana. Siku tatu hawakusemezana.

Baadaye nilimwuliza kila mmoja peke yake, "Habari hiyo uliipata kwa nani?" Yule Mkristo alisema ameisikia kwa Wakristo wenzake. Yule Mwislamu alisema ameisikia kwa Waislamu wenzake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza mwenye dini, ijapokuwa mmoja hulala kitanda cha juu na mwingine hulala kitanda cha chini yake.

Wala si ajabu. Kipindi cha dini kinapofika, sisi hugawanyika. Hawa huenda kusoma Maarifa ya Biblia, na wale huenda kusoma Elimu ya Dini ya Kiislamu, na masomo hayo mawili hutahiniwa mbali mbali. Mpango huo una maana, kwa sababu yapasa kila mtu aijue dini yake vizuri. Walakini katika miaka minne sijapata kukaa saa hata moja darasani nikafundishwa mwenzangu anaamini nini na kwa sababu gani. Yote niliyoyajua juu ya dini ya mwenzangu niliyapata njiani.

Mtu asiseme kwamba huo ni ugomvi wa watoto tu. Mwezi wa Oktoba 2012, kule Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana juu ya Kurani Tukufu, na katika kubishana kwao mmoja akainajisi. Kutokana na ubishi wa watoto wawili watu walifanya ghasia, na makanisa yalivunjwa na kuchomwa moto. Moto mkubwa huanza kwa cheche ndogo. Basi yafaa tujue namna ya kuizima cheche.

SOMO HILI NI NINI?

Hapana budi kwanza kutofautisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya.

Jambo la kwanza ni kuisoma dini yako mwenyewe ili uifundishe au uiongoze. Mkristo atakaye kuwa mchungaji huenda chuo cha teolojia, kama kile cha Mtakatifu Filipo kilichoko Kongwa. Mwislamu huanza chuoni kwa mwalimu wake, akasoma Kurani, Hadithi na sheria, na akiendelea sana huwa shehe. Masomo hayo hufanywa ndani ya imani, na mwalimu na mwanafunzi wamekubaliana tangu mwanzo kwamba imani ile ni ya kweli.

Jambo la pili ni kuzisoma dini za watu wote, yako na za wengine, kwa namna moja. Hapa mwalimu haulizi, "Dini ipi ni ya kweli?" Huuliza, "Watu hawa huamini nini? Hutenda nini? Mambo hayo yalianza lini, yamebadilika vipi, na yana maana gani kwao?" Darasa moja huweza kuwa na Mkristo, Mwislamu, Mhindu na mtu asiye na dini, na wote wakafanya mtihani ule ule.

Wengine hufananisha somo hili na kujifunza lugha. Husema kwamba Mgogo akijifunza Kiarabu hasahau Kigogo chake. Mfano huo ni mzuri, lakini hautoshi. Lugha moja haisemi kwamba lugha nyingine ni ya uwongo, bali dini huweza kusema hivyo. Kwa hiyo mwanafunzi wa dini ana kazi ngumu kuliko mwanafunzi wa lugha. Imempasa kuiweka hukumu yake kando kwa muda, mpaka aelewe. Kuiweka kando si kuitupa. Hakimu naye husikiliza shauri mpaka mwisho kabla ya kuamua, na hakuna amwambiaye kwamba hana msimamo.

Wala jambo hili si jipya, wala si la Wazungu peke yao. Yapata mwaka 1030 mtaalamu mmoja Mwislamu, jina lake al-Biruni, aliandika kitabu kikubwa juu ya Bara Hindi. Alijifunza Kisanskriti ili aweze kuvijua vitabu vya Wahindu, akaeleza imani yao kama wao wenyewe walivyoieleza, wala hakukusudia kugombana nao. Karibu miaka 100 baadaye mwingine, ash-Shahrastani, aliandika kitabu cha kueleza dini na madhehebu ya watu wengi. Jina la kitabu hicho kwa Kiarabu lina neno milal, yaani dini mbalimbali. Sisi tunalo neno hilo hilo katika Kiswahili, nalo ni mila. Siku hizi tukisema mila twafikiri desturi za kabila tu, kumbe asili yake ni neno la dini.

Katika vyuo vikuu vya siku hizi somo hili lilipata nguvu hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, kilianzisha idara yake ya elimu ya dini chini ya Profesa Ninian Smart. Hapa Afrika Mashariki, Makerere ilikuwa imekwisha kulianza kabla ya hapo, kama nitakavyoeleza mbele.

NJIA ZA KUJIFUNZA

Njia za somo hili ni nyingi. Nitataja tano ambazo hata mwanafunzi wa sekondari aweza kuzielewa.

Njia ya kwanza ni kumwuliza mwenye dini. Mtaalamu mmoja wa Kanada, Wilfred Cantwell Smith, alifundisha tangu 1959 kwamba maelezo juu ya dini ya watu hayawi sawa mpaka waumini wenyewe wakiyasikia waweze kuyakubali. Hii ndiyo kanuni waliyoikosa wale wawili wa bwenini. Mwislamu akisikia kwamba anaabudu jiwe, hukataa mara moja. Mkristo akisikia kwamba anaabudu miungu watatu, hukataa vile vile. Basi maneno yote mawili yameshindwa jaribio la kwanza.

Njia ya pili ni kutazama pande zote. Profesa Smart alisema dini ina pande kadha wa kadha, na mwishowe alizihesabu saba: ibada, hisia za moyoni, masimulizi, mafundisho, maadili na sheria, jamii na viongozi, na mwisho vitu na majengo. Mtu akitazama upande mmoja tu atakosea, kama mtu aonaye paa la nyumba akadhani ameiona nyumba yote.

Nilijaribu njia hii kwa babu yangu. Babu anakaa kijijini katika Wilaya ya Chamwino, naye alibatizwa akiwa mtu mzima. Siku zote nilidhani kwamba habari za mvua za wazee wa zamani ni uchawi tu. Likizo iliyopita nilichukua daftari, nikamwamkia, nikamwuliza kwa upande mmoja mmoja. Alinieleza kwamba mtemi wa zamani hakuwa mfalme wa majeshi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuilinda nchi, mvua na rutuba. Huo ni upande wa jamii na viongozi. Alikuwa na mawe ya mvua aliyorithi. Huo ni upande wa vitu. Mvua ikichelewa wazee walikwenda makaburini kwa watemi waliotangulia, wakapeleka vitu vyeusi, kwa kuwa wingu la mvua ni jeusi. Huo ni upande wa ibada. Tena kulikuwa na miiko, na mtu akiivunja iliaminika kwamba mvua itazuiwa kwa watu wote. Huo ni upande wa maadili.

Nikamwuliza, "Na moyoni, Babu, mlisikia nini?" Babu alikaa kimya, kisha akasema, "Tulisikia hofu. Wewe umezaliwa kukiwa na lori la mahindi. Sisi mvua ikikosa, tulizika."

Nilifunga daftari. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Hayo nimeyasoma katika Jiografia. Lakini maana yake kwa mtu sikuijua mpaka siku ile. Babu akaongeza, "Hakuna aliyepata kuniuliza hivi. Wengine walituambia tuache, na wengine walitucheka." Babu hakurudi katika mambo ya zamani kwa sababu nimemwuliza, na Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani kama kawaida. Wala mimi sikupotea. Nilichopata ni kumfahamu babu yangu.

Njia ya tatu ni lugha. Maneno huweka historia ya dini kama vile udongo uwekavyo nyayo. Tazama maneno yetu ya Kiswahili. Dini, ibada, dhambi, malaika, shetani, nabii, sadaka na Injili, yote asili yake ni Kiarabu. Hata neno kanisa limetoka katika Kiarabu, kama lilivyotoka neno msikiti. Padri ni neno la Kireno. Lakini Mungu ni neno letu la Kibantu, nasi Wagogo twasema Mulungu. Kwa hiyo Mkristo na Mwislamu wa Tanzania wakisali kwa Kiswahili hutumia maneno mengi yale yale. Wale wawili wa bwenini walitukanana dini kwa maneno ambayo waliyarithi pamoja.

Njia ya nne ni historia. Dini hazikai mahali pamoja kama mlima. Husafiri na kubadilika. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya biashara kutoka pwani ilipita Ugogo kwenda Unyanyembe, na Waislamu wakapita pamoja nayo. Katika miaka ya 1870 wamisheni Waanglikana wa C.M.S. walifika Mpwapwa. Mwaka 1910 reli ya Wajerumani ilifika Dodoma, na mji ukakua kando ya reli, ukawa na watu wa pwani na wafanyabiashara Wahindi. Dini za jadi nazo zina historia. Mwezi wa Juni 1970 wataalamu walikutana Dar es Salaam kuzungumza juu ya historia ya dini za Afrika, na mwaka 1972 kikatoka kitabu kilichohaririwa na Profesa Terence Ranger na Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare. Ndani yake G. C. K. Gwassa aliandika juu ya Kinjikitile wa Ngarambe na maji yake. Sisi darasani husoma Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kama vita tu. Lakini mtu hawezi kueleza kwa nini makabila mengi yaliungana bila kueleza imani iliyowaunganisha.

Njia ya tano ni kuichunga kalamu yako, kwa maana mwandishi hutia macho yake mwenyewe katika habari za wengine. Chukua habari ya tafsiri za Kurani kwa Kiswahili. Ya kwanza ilitolewa mwaka 1923 na Godfrey Dale, kasisi Mwanglikana wa misheni ya Zanzibar. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, lakini mfasiri hakuwa Mwislamu, na Waislamu wengi hawakuiamini. Mwaka 1953 ikatoka tafsiri ya Waahmadiya, nayo mashehe wa Kisunni waliipinga. Mwaka 1969 tafsiri nzima ya Shehe Abdallah Saleh al-Farsy wa Zanzibar ilitoka, ikaenea sana Afrika Mashariki. Kitabu ni kimoja, lakini msomaji wa chuo kikuu huuliza: nani amefasiri, alimfasiria nani, na kwa shabaha gani?

WATU WA NCHI ZETU

Mtu asidhani kwamba elimu hii ni ya kuletewa tu. Mwaka 1964 John Mbiti, Mkamba wa Kenya na kasisi Mwanglikana, alianza kufundisha Makerere, akakaa huko mpaka 1974. Aliona vitabu vingi vimeandika kwamba Mwafrika hakumjua Mungu mpaka alipoletewa. Yeye akafundisha dini za jadi za Afrika kama somo kamili la chuo kikuu. Mwaka 1969 alitoa kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika ambacho kimesomwa dunia nzima, na mwaka uliofuata akatoa kingine alichokusanya mawazo juu ya Mungu kutoka makabila zaidi ya 270. Alifariki mwaka 2019.

Lakini hapo hapo Uganda alikuwapo mtu aliyempinga. Huyo ni Okot p'Bitek, Mwacholi, mshairi mashuhuri. Katika kitabu chake juu ya dini za Afrika na wataalamu wa Magharibi, kilichotoka karibu na mwaka 1970, alisema kwamba wamisheni, na hata wasomi Waafrika kama Mbiti, wameivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki. Maana yake, waliieleza ifanane na Mungu wa vitabu vya Ulaya ili Wazungu waiheshimu, badala ya kuieleza ilivyo.

Nani alikuwa sawa? Nimelifikiri sana jambo hili. Mbiti alitaka kuonyesha kwamba babu zetu hawakuwa gizani. Okot alitaka babu zetu waachwe waseme kwa sauti yao wenyewe. Naona tunawahitaji wote wawili. Nilipokuwa nikimwandika babu yangu, mara mbili nilijikuta nataka kumfanya aonekane karibu sawa na mtu wa Agano la Kale. Nilipokumbuka maneno ya Okot, nikafuta.

Hapa Dodoma nasi tunaye mtu wetu. Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, na mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Alikuwa Mkatoliki. Lakini alipotaka kuisimulia Injili kwa ushairi, aliitumia bahari ya utenzi, ambayo washairi Waislamu wa pwani waliitumia kwa muda wa karne nyingi kusimulia habari za Mitume. Hakuwa Mwislamu kwa kufanya hivyo, wala pwani haikupungukiwa kitu. Alijifunza kwa jirani, akarudi nyumbani na mali.

MJI WETU NI KITABU

Mwanafunzi wa somo hili hahitaji kusafiri mbali. Mjini Dodoma kuna kanisa kuu la Waanglikana lenye kuba, na Walutheri nao wana kanisa kuu lao. Wakatoliki wana kanisa kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Uko msikiti mkubwa uitwao wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010. Waismaili wana mahali pao, na Wasikh, ambao mitaani tunawaita Makalasinga, wana pao. Wengi wetu tumepita mbele ya majengo hayo mara mia tukienda stendi, na hatujui ndani ya mengi kunafanywa nini.

Katiba yetu inasema kwamba Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyo na dini, na ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani yake. Tena tangu hesabu ya watu ya 1967 Serikali haiulizi dini ya mtu katika sensa. Hiyo ni hekima, ili tusihesabiane na kushindana. Lakini kutohesabiana ni jambo moja, na kutojuana ni jambo jingine. Amani ya kutojuana ni kama nyumba ya tembe ambayo paa lake halikutiwa udongo wa kutosha. Hukaa vizuri kiangazi chote, na mvua kubwa ikija huvuja.

MASWALI YA WAZAZI

Swali la kwanza ni la mama yangu: Je, mtoto hatapotea? Sitasema kwamba hakuna hatari yoyote. Mtu akiuliza maswali, huenda akasumbuka. Lakini maswali yatakuja hata asipokwenda chuo kikuu, na yatakuja njiani, bila mwalimu. Mbiti alizisoma dini mamia, akafa kasisi. Al-Biruni alizisoma dini za Wahindu, akafa Mwislamu. Naamini imani isiyoweza kusikiliza habari za jirani ni imani ya woga.

Swali la pili ni la baba: Je, utakula nini? Nalo ni swali la haki, kwa sababu ada inalipwa kwa mbuzi na karanga. Somo hili peke yake halina kiti kinachomngoja mtu kama udaktari. Lakini mwenye kulisoma aweza kuwa mwalimu, mwandishi wa habari, mtumishi wa ubalozi, mtunza makumbusho, au mtu wa maendeleo na usuluhishi katika wilaya ambazo watu wa dini mbalimbali hukaa pamoja. Wengi huliunganisha na somo jingine, kama historia, lugha au ualimu. Hivyo ndivyo nitakavyofanya mimi.

Swali la tatu: Husomwa wapi? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya falsafa na elimu ya dini. Nairobi wanayo idara kama hiyo, na Makerere siku hizi wameunganisha elimu ya dini na elimu ya amani, jambo ambalo nimelipenda sana. Atakaye kusoma dini yake kwa undani ana vyuo vikuu vya mashirika ya dini, kama Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, Tumaini Makumira ya Walutheri, na hapa Dodoma, St John's ya Waanglikana, iliyoanza mwaka 2007 katika majengo yaliyokuwa ya Shule ya Sekondari Mazengo. Yafaa mwanafunzi asome vizuri Historia, Kiswahili na Kiingereza, kisha akitazame kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, kwa kuwa masharti hubadilika mwaka hata mwaka.

ZOEZI

Mwalimu wetu wa Kiswahili husema somo lisilo na zoezi ni hadithi. Basi hili ndilo zoezi langu. Tafuta mwenzako wa dini nyingine. Mwulize juu ya jambo moja tu, kwa mfano kufunga. Andika ukurasa mmoja, bila kusifu na bila kukosoa. Kisha umsomee. Akisema, "Ndivyo," umefaulu. Akisema, "Sivyo," sahihisha umsomee tena.

Wale wawili wa bwenini nimewapa zoezi hili. Mkristo aliandika juu ya Ramadhani, na Mwislamu aliandika juu ya Kwaresima. Mara ya kwanza Mkristo alisahihishwa mahali patano, na Mwislamu mahali patatu. Mkristo hakujua kwamba mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Mwislamu alidhani Kwaresima ni kuacha nyama tu. Walipomaliza walirudia ule ubishi wao wa kwanza, lakini safari hii kwa kuulizana. Mwislamu akaeleza kwamba wao huielekea Kaaba katika sala, lakini humwabudu Mungu peke yake. Mkristo akaeleza kwamba wao humkiri Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mwislamu akasema bado halikubali jambo hilo. Mkristo akasema hakutegemea alikubali. Wakazima taa wakalala.

Hawakukubaliana, wasomaji. Lakini kila mmoja sasa anajua anachokikataa, tena anajua kwamba mwenzake si mpumbavu. Ikiwa kurasa mbili za daftari zimeweza kufanya hivyo katika bweni moja, ndiyo sababu ya mimi kuandika katika fomu yangu Historia, Kiswahili na Kiingereza. Mama ameiona fomu hiyo. Aliisoma mara mbili, akanirudishia, akasema, "Haya. Ukienda huko, ukirudi likizo uje unifundishe na mimi."